Jukwaa la Tatu

Nilifika saa tano asubuhi, mapema mno,
mahema ya Mbale bado yakipigwa nyundo,
uwanja mzima ukinuka nyasi na dizeli.
Kijana wa langoni akanifunga ukanda wa karatasi,
akaniita mzee, akauliza nimemleta nani.
Nimejileta, nikamwambia.

Jukwaa la kwanza ni la majina ya kwenye mabango.
La pili lina bia.
La tatu liko nyuma ya vyoo, limeegemea ukuta wa shule,
mbao zake zimeazimwa kanisani,
na huko ndiko nilikokwenda na kiti changu cha kukunja.

Redio Mbovu walianza saa sita, mbele ya watu saba na mbwa.
Mbwa aliondoka kwenye wimbo wa pili;
mpiga besi akamuaga kwa maikrofoni, kwa heshima zote.
Nyimbo zao fupi, zimekatwa kama kucha,
na kila moja ilipoisha
walitazamana kwanza, kuhakikisha.

Kisha Kesho Kutwa, wasichana watatu wa Soroti
waliovaa ovaroli za gereji.
Gitaa la Akiror lina uzi mmoja usiofanana na wenzake.
Nilimfuata nyuma ya jukwaa, nikamuuliza.
(Natengeneza redio Tororo, sioni haya kuuliza.)
"Waya wa breki ya baiskeli," akasema.
"Haukatiki. Ila unalia unavyotaka wenyewe."

Nikala malewa kwa matoke.
Muuzaji akanihurumia: "Wenyewe wanakuja usiku, mzee."
Na hawa je, ni wa nani?
Akapangusa sahani, hakujibu.
Sikumwambia kwamba sisi pia tulikuwa wanne,
kwenye nyumba za reli, tukipiga harusi za Jumamosi,
mpaka mjomba wa bi harusi mmoja
alipoishika amplifaya yetu kwa deni lisilo letu.
Sijui iko wapi. Ilikuwa na kovu la pasi upande wa kushoto.

Saa kumi, Betri Tatu.
Masolo kwenye ngoma, Wepukhulu na litungu
lililofungwa kipaza sauti kwa gundi na imani,
na Khainza, mwembamba, koti la kaka yake.
Wimbo wa nne ulikuwa katikati
wingu liliposhuka Wanale bila kubisha hodi.
Jenereta likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Khainza alibaki kinywa wazi.
Halafu akateremka, viatu mkononi,
akaja kati yetu, ishirini hivi,
chini ya turubai moja tuliyoishika pembe kwa pembe.
Litungu likavu, bila waya, kama mtu anayeongea gizani.
Akaimba.
Pembe yangu ilikuwa na tundu;
maji yakaingia kwenye mkono wa shati, yakatokea kwapani,
nami sikusogea.
Walipomaliza sikupiga makofi.
Mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini.

Mkubwa wa usiku nilimsikia kutoka kituo cha basi:
besi tupu, nyuma ya ukuta,
kama jirani anayehamisha vitanda.

Kwa shilingi elfu kumi nilinunua flashi ya Betri Tatu,
namba ya simu imeandikwa juu yake kwa rangi ya kucha.
Dukani, asubuhi, nikaichomeka.
Wimbo mmoja tu, na si ule.
Nikapiga simu.
"Ule?" Khainza akacheka. "Ule haukuwa na mwisho.
Mwisho wake tuliukuta palepale, umeme ulipokatika.
Wewe unaukumbuka?"
Nikamvumia kidogo. Akasema, hapana, haukuwa hivyo,
kisha salio lake likaisha.

Ndani ya flashi kulikuwa na kitu kingine,
kazi ya shule ya mdogo wa mtu, imesahauliwa humo.
Nimeisoma yote, soldering'i ikipoa mezani.
Jani, anaandika, hujipikia chakula chake lenyewe.
Linahitaji mwanga. Linahitaji hewa.
Amesahau kutaja maji.